Kiti cha Maji cha Bi. Kazija

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua wasiwe na haraka, maana nchi za namna hiyo zina desturi ya kuwafuata watu walipo. Inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi ya amani. Gazeti lilisema hivyo kila asubuhi, na aliyekuwa na shaka alitembelewa nyumbani kwake, akaelezwa kwa upole mpaka shaka ikamtoka pamoja na meno mawili matatu.

Mtawala wa nchi hiyo aliitwa Mlezi, kwa sababu jina lake halisi halikuruhusiwa kupita katika vinywa vya kawaida. Siku moja Mlezi alisafiri kwenda nchi za mbali kuomba mkopo. Huko hotelini, asubuhi ya kwanza, aliingia msalani peke yake, bila mlinzi wala mshauri, akaketi kwenye choo kilichokuwa na kiti cha ajabu. Kiti kilimrushia maji ya uvuguvugu kutoka chini, kikamsafisha barabara, kikampulizia upepo, kikanyamaza. Hakikuimba, hakikupiga makofi, wala hakikuomba cheo. Mlezi hakuwa amehudumiwa namna hiyo tangu atwae madaraka, na waliomwona akitoka wanasema macho yake yalikuwa mekundu.

Alikatisha ziara akarudi nyumbani. "Ndugu wananchi," alisema pale pale uwanja wa ndege, bendi ikiwa nyuma yake, "nilikwenda kutafuta mkopo. Mkopo nimenyimwa, na walioninyima tutaonana nao. Lakini nimewaletea kitu kikubwa kuliko mkopo. Nimegundua kwamba mtu anaweza kujisafisha kwa maji."

Watu walipiga makofi. Sasa hapa hatuna budi kusema jambo dogo, na tunalisema kwa adabu zote: watu wa nchi ile walikuwa wakichamba kwa maji tangu enzi za mababu wa mababu zao. Kila choo, hata kile cha makuti kisicho na mlango, kilikuwa na kopo lake, na mtoto alifundishwa mkono upi ni wa kulia chakula na upi ni wa kazi ile kabla hajafundishwa kuhesabu. Lakini nani angesimama uwanja wa ndege, mbele ya bendi na bunduki, aseme hayo? Walioanza kucheka walikigeuza kicheko kikawa kikohozi, na wiki ile kikohozi kikatangazwa kuwa ugonjwa wa mlipuko.

Ili ugunduzi wa Mlezi uwe ugunduzi kweli, ilibidi kwanza maji ya zamani yaondolewe. Ikatungwa Sheria ya Kukomesha Kopo. Mgambo walipita nyumba hadi nyumba wakikusanya makopo: ya plastiki, ya bati, na yale ya maziwa ya unga yaliyotiwa mkono wa waya. Waliyachoma moto katikati ya uwanja wa mpira huku wanafunzi wakiimba. Moshi ulikuwa mweusi na watu walikohoa tena, safari hii kwa dhati. "Mkono wa kushoto wa Taifa," liliandika gazeti, "sasa umestaafu kwa heshima." Wananchi waliuliza, kwa sauti ya chini, watatumia nini mpaka viti vitakapofika. Walijibiwa kwamba mzalendo wa kweli anaweza kujizuia.

Viti vilifika. Vilikuwa viwili, kimoja cha Ikulu na kimoja cha wananchi wote waliobaki.

Kiti cha wananchi kilipelekwa mtaa wa Chekeni, nyumbani kwa fundi cherehani aitwaye Pazi Mwinjuma. Hakuchaguliwa kwa sifa yoyote. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ambayo msafara wa Mlezi hupita, na bango la kutangaza kiti lilihitaji ukuta. Pazi hakuwa na mtoto, na mke alikuwa naye zamani, akamchoka, akaenda zake. Alichokuwa nacho ni cherehani barazani na mama chumbani. Mama huyo, Bi. Kazija, alikuwa mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, ambaye miguu ilikuwa imemgomea kwa miaka mingi. Kila alfajiri Pazi alimbeba mgongoni mpaka uani, kwenye choo cha kuchuchumaa, akamshika makwapani huku amegeuzia uso ukutani, kwa kuwa mama hakuweza kuchuchumaa peke yake na mwana hakutakiwa kuona. Walikuwa wakitaniana ili aibu isiwashinde.

"Unatetemeka nini?" mama alikuwa akimwambia. "Mimi nilikubeba tumboni nikizunguka nawe soko zima, wala hukunisikia nikilalama."

Kwa hiyo Pazi, katika nchi nzima, ndiye peke yake aliyekifurahia kiti hicho kwa moyo wake wote. Mama angepata choo cha kukaa. Angejisafisha mwenyewe kama binadamu wengine, na yeye asingehitaji tena kutazama ukuta. Alishona pazia jipya la mlango wa choo, kitambaa cha maua, bila kuagizwa na mtu.

Aliyekuja kukipachika kiti alikuwa Mheshimiwa Kijumbe, Kamishna wa Makalio ya Umma. Cheo hicho kilikuwa kipya kabisa. Gari lake lilinunuliwa kwanza, kisha kikatafutwa cheo cha kulipanda. Alileta bendi, mafundi na sinki la choo jeupe. Wakalijengea, wakafunga kiti juu yake, wakaunganisha umeme na maji. Maji yakatoka kwa kudondoka. Fundi mkuu akamweleza Kamishna kwamba kiti hiki kinagawana maji na bomba la mtaa, pale ambapo wanawake wote wa Chekeni huchota. Kamishna alifikiri kwa muda ambao haukumchosha.

"Lifungeni la mtaa," akasema. "Ni kwa muda tu."

Katika nchi ile hata serikali yenyewe ilikuwa imeingia kwa muda tu, kwa hiyo wanawake walielewa.

Ndipo likaja jaribio la kwanza, na redio ililirusha moja kwa moja. Pazi alijiingiza nyuma ya pazia lake la maua, akashusha suruali, akakaa. Kamishna alisimama upande wa nje na kipaza sauti mkononi. Ndani ya kiti ikatoka sauti nene ya Mlezi mwenyewe, iliyorekodiwa Ikulu: "Karibu, mwananchi. Tulia. Serikali inakuhudumia."

"Unajisikiaje?" akauliza Kamishna.

"Pana baridi kidogo, Mheshimiwa."

"Anasema," Kamishna akawaambia wasikilizaji, "mwili wake umejaa matumaini."

Hapa yafaa tueleze. Katika nchi ile maneno ya mwananchi hayakuruhusiwa kufika juu yakiwa mabichi. Kila ofisa alikuwa mfasiri aliyesomea, akiyachukua maneno ya watu na kuyageuza kuwa maneno ya shukrani. Wageni walidhani nchi ina lugha mbili. Ilikuwa moja tu, ila ilibadilika kila ilipopanda ngazi.

Kisha maji yakaja. Maji ya mtaa mzima yalikuwa yamesukumwa kupitia tundu moja dogo, na tundu hilo lilikuwa limemlenga Pazi. Alitoa sauti ambayo hakuitoa hata siku mkewe alipoondoka, akaruka na suruali miguuni, akagonga kichwa ukutani. Alipoinuka tu, maji yakakatika. "Mwananchi, rudi ukae," ikasema sauti ya Mlezi. Akakaa, yakaja. Akainuka, yakakoma.

"Kuna nini humo?" Kamishna akanong'ona kupitia pazia.

"Yanapiga, Mheshimiwa. Yanapiga kama fimbo."

"Anasema," Kamishna akatangaza, "ameguswa na maendeleo mpaka ndani."

Bendi ilipiga, watu wa redio wakafungasha nyaya zao, Kamishna akapanda gari lake. Pazi alibaki akikichunguza kiti mpaka akapata kitufe cha kupunguza nguvu ya maji. Ndipo akambeba mama, akamkalisha, akatoka nje ya pazia haraka. Alisikia ukelele, kisha kimya, kisha kicheko kirefu ambacho hakuwa amekisikia tangu miguu ya mama ilipokufa.

"Kumbe hii serikali inajua kuosha," Bi. Kazija alisema kutoka ndani. "Basi, mengine yote nimewasamehe."

Pazi alikaa kwenye kizingiti akalia kwa furaha, wala hakuona haya.

Kilichofuata kila mtu angeweza kukitabiri, isipokuwa wale waliokuwa wakilipwa kutabiri. Bomba la mtaa halikufunguliwa. Chekeni ikakauka. Wanawake walikwenda kwa Kamishna wakamwambia hawana maji hata ya kupikia uji. Kamishna akaufasiria umma kwamba wamekuja kushukuru, akawapa mkono mmoja mmoja, akawarudisha walikotoka.

Ndipo alipokuja Mama Sikujua, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza mandazi na mwanamke wa maamuzi. Alikuja na ndoo na mpira mwembamba. Akauchomeka mpira kwenye kile kimrija cha kiti kinachorusha maji, akaupitisha dirishani mpaka uani, akautumbukiza ndani ya ndoo.

"Sasa anayekaa akae," akasema.

Walianza kwa kukalisha jiwe la kusagia. Kiti kikanyamaza. Wakakalisha kiroba cha mchele, kikanyamaza vile vile. Kumbe kilitaka joto la mwili. Wakamkalisha mbuzi. Kiti kikasema, "Karibu, mwananchi," lakini mbuzi hakutulia kama wananchi wanavyotulia. Mwisho Mama Sikujua akakaa mwenyewe, maji yakamiminika, na kabla ndoo ya pili haijajaa mgambo walikuwa mlangoni. Kiti hiki kimekabidhiwa kaya ya Pazi Mwinjuma, wakasema, na mtu wa kaya nyingine kukikalia ni kukalia haki ya mwenzake. Wakamchukua. Aliporudi alikuwa akitembea taratibu, na hakupenda tena kukaa juu ya kitu chochote.

Kaya yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Pazi alijaribu kukaa yeye, akishonea humo humo kwa mkono, lakini vitambaa vililowa na wateja wakavikataa, na cherehani isipozunguka hakuna anayekula. Bi. Kazija aliyasikiliza mashauri yao kutoka kitandani mpaka akachoka.

"Nyinyi mnahangaika nini?" akasema. "Mimi kazi niliyobakiza duniani ni kukaa. Nikalisheni."

Basi akakalishwa. Alikaa tangu jua linachomoza mpaka linazama, khanga mapajani, pazia la maua likiwa limeshushwa, na huko nje foleni ya ndoo ikaizunguka nyumba. Kila mwanamke aliyefika dirishani alimwamkia.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Hiyo ndoo ya manjano ni ya nani? Mwambieni mwenyewe inanuka, aisugue."

Alijua nani ana wageni, nani amegombana na mumewe, na nani anafua mashuka ya nyumba ambayo si yake. Miaka chungu nzima alikuwa amelala akitazama boriti za dari, haulizwi hata habari ya asubuhi. Sasa mtaa mzima ulianza siku kwake. Pazi, huko barazani, alikuwa akimsikia anavyowachamba watu na kucheka, na cherehani yake ikaenda mbio kuliko zamani.

Furaha hiyo ilidumu kadiri ngozi ya mama ilivyodumu. Plastiki ilianza kumla. Vikatoka vidonda mapajani, vikaloa, vikagoma kukauka, kwa kuwa kukauka kulihitaji kushuka, na kushuka kulihitaji foleni iishe. Foleni haikuisha, mitaa ya jirani ilikuwa imekwisha kupata habari. Homa ikaingia. Wanawake walimhurumia sana. Walimletea uji, walimkanda miguu, walimwombea dua ndefu. Na kila mmoja, akisha kuitikia amina, aliinama dirishani akamwomba ndoo moja zaidi.

"Pazi," mama alimwita siku moja, adhuhuri. "Nishushe, mwanangu. Sitaki tena kuamkiwa."

Akamshusha, akamlaza kifudifudi, akaanza kumpaka dawa. Hakuwa amemaliza paja moja Mama Sikujua alipoingia, mikono kichwani.

"Nina mgonjwa wa kuhara ndani, baba. Sina hata tone la kumnywesha."

Aliyejibu ni Bi. Kazija, uso ukiwa ndani ya mto. "Nirudishe," akasema. "Nirudishe, kabla sijabadili mawazo."

Pazi alimrudisha kwa hasira. Aliapa kwamba bomba la mtaa litafunguliwa na mama yake atashuka, hata kama itabidi aende kumwambia Mlezi mwenyewe. Maana Pazi, kama wengi wa nchi ile, aliamini kwamba Mlezi hajui. Wanaojua, kwa imani yake, ni hawa wa katikati.

Haikumlazimu kwenda. Huko Ikulu nako mambo yalikuwa yameharibika. Viti vyote viwili vilikuwa vikipeleka habari za matumizi yake kwenye mashine moja, na mashine ilionyesha waziwazi kwamba kikongwe mmoja wa Chekeni anajisafisha kumshinda Mkuu wa nchi, tena kwa mbali. Baraza la Mawaziri liliinamisha vichwa. Mlezi aliongeza bidii. Alikaa asubuhi, akakaa baada ya kila mlo, akapokea mabalozi akiwa amekaa. Bado kikongwe alikuwa mbele. Waziri mmoja akasema huenda bibi huyo alikuwa mchafu mno kwa kuanzia. Huyo alipandishwa cheo. Mwingine akauliza kama mtaa wa Chekeni una bomba. Huyo hatujui alipo.

"Nitakwenda kumwona mwanamke huyo kwa macho yangu," Mlezi akasema.

Siku ya ziara foleni ilifukuzwa, ndoo zikafichwa, mpira ukachomolewa. Pazia la maua likang'olewa, ikatundikwa bendera. Bi. Kazija alikuwa juu ya kiti, amefunikwa khanga mpya yenye picha ya mgeni wake, kichwa kinamwangukia kifuani. Pazi alisimama kando yake. Alikuwa na maneno machache tu, na alikuwa ameyarudia barazani tangu alfajiri, hata akashona pindo la kanzu ya mteja kinyume.

Mlezi aliingia, marashi yakitangulia. Alimtazama Bi. Kazija kama bondia anavyomtazama aliyemshinda. Kamishna alijipenyeza katikati yao.

"Mama," Mlezi akasema, "nini siri yako?"

Bi. Kazija aliinua macho. Homa ilikuwa imemlegeza kila mahali isipokuwa ulimini. "Siri yangu ni kwamba mmefunga bomba, baba."

"Anasema siri yake ni kukuiga wewe, Mheshimiwa," akafasiri Kamishna.

Mlezi akalainika kidogo. Akamgeukia Pazi. "Na wewe, kijana, una ombi lolote?"

Pazi alisema, tena hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya mtu mzima, neno kwa neno, kwa lugha aliyofundishwa Mlezi na mama yake kama yeye alivyofundishwa na wake. "Mama yangu anaumwa, Mheshimiwa. Mapaja yameoza. Naomba bomba la mtaa lifunguliwe, ili ashuke."

Walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kushikana mikono. Pazi aliyaona macho ya Mlezi yakielewa. Hilo aliliapia baadaye kwa kila aliyekubali kumsikiliza: alielewa, aliyasikia yote akayaelewa. Kisha Mlezi akamtazama Kamishna, akasubiri.

"Anasema," Kamishna akasema, "mama amezama katika starehe ya utawala wako, na anaomba asishushwe kamwe."

"Ombi limekubaliwa," akasema Mlezi.

Wapiga picha wakapiga picha. Bi. Kazija akatunukiwa cheo cha Mkaaji Mwandamizi wa Taifa, na nishani ikachomekwa kwenye khanga yake kwa pini iliyoingia mpaka kwenye ngozi. Ikaamriwa pia kwamba maji yote aliyoyatumia na atakayoyatumia yahesabiwe kwa jina la Mlezi, maana maji yote ya nchi ni yake. Hivyo Mlezi akawa mtu msafi kuliko wote bila kumnyima mtu chochote. Na ili ombi la Pazi liheshimiwe, askari mwenye bunduki akawekwa mlangoni, kuhakikisha kwamba mama hashushwi.

Askari alikuwa kijana mpole. Aliruhusu mpira urudishwe, aliruhusu foleni irudi, aliruhusu uji na dawa. Kushushwa tu ndiko hakukuruhusu. Bi. Kazija akawa analala amekaa. Pazi aliiacha cherehani ikae na vumbi lake, akakaa nyuma ya mama yake, mgongo wake mwenyewe ukutani, akimshika makwapani ili asianguke. Alimtazama sasa, hakugeuza uso tena, na alichokiona hatutakieleza.

"Mwanangu, nimechoka kukaa," mama alisema.

"Najua, mama."

"Hata kufa nitakufa nimekaa, kama ninasubiri mtu."

"Afande," Pazi akamwita askari, "nakuomba. Mama anakufa. Niruhusu nimlaze tu, alale kama watu."

Askari alichungulia, akahuzunika kweli. "Sina amri hiyo, kaka yangu. Akisha kufa, hapo sawa, utamshusha. Marufuku ni ya mtu aliye hai."

Alikufa kabla ya adhuhuri, kichwa chake kikiwa kwenye shingo ya mwanawe. Pazi alijua mara moja, kwa uzito. Lakini kiti kilitaka joto tu, na joto lilikuwa bado limo, kwa hiyo maji yaliendelea kutoka, na huko uani ndoo ziliendelea kujaa, na wanawake waliendelea kumwamkia Bi mkubwa dirishani na kwenda zao, wakidhani leo ameamua kununa. Pazi hakuwaambia. Alikuwa na mama yake kwa muda mdogo ambao hakuna aliyekuwa akimhitaji, na hakutaka kuutoa. Maji yalipopungua, yakawa matone, yakakoma, ndipo sauti kutoka uani ikauliza, "Bi mkubwa, umechoka?"

Kamishna alifika haraka na rambirambi. Mama, alisema, amefariki akiwa kazini, na gazeti la kesho litasema hivyo hivyo. Kisha akamvuta Pazi pembeni, akateremsha sauti. Mlezi alikuwa anasafiri kwenda kupokea tuzo ya usafi huko ng'ambo, na isingekuwa vizuri matumizi yake ya maji yakashuka ghafla wakati huu. "Kaya yako bado ina mtu," akasema, akampigapiga Pazi begani. "Amri ni ile ile, wa kaya tu. Pole sana."

Bi. Kazija alilazwa uani, juu ya kitanda cha kamba, nyuma ya mashuka. Sasa alihitaji maji ya kumwosha. Mwanamume haoshi maiti ya mama yake, kwa hiyo hakuna aliyeona vibaya kumwomba Pazi akakae. Alikaa. Alikuwa akisikia maji yakipita mwilini mwa mama yake upande wa pili wa ukuta, na sauti za wanawake wakisema mgeuzeni, taratibu, mgeuzeni na huku. Kila kwikwi zilipomshika na mwili kumwinuka, maji yalikatika.

"Tulia, baba," Mama Sikujua alimwambia kupitia dirishani. "Yanakatika, na tumefika kichwani."

Akatulia. Walipomaliza kuosha na kukafini, wakaja wanaume, wakapanga mstari kutia udhu kwa ajili ya sala ya maiti. Walikuwa wengi, kwa maana marehemu alikuwa amewanywesha wengi. Shekhe alitia udhu, vijana wakatia udhu, askari akaegesha bunduki ukutani naye akatia udhu. Kila mmoja alimpa Pazi mkono kupitia dirishani, akamwambia Mungu ampe subira. Wakaswali. Kisha akasikia miguu ikikusanyika, na mtu akisema tubebe, jua linatuacha.

Pazi akainuka. Mtoto wa kiume ndiye anayeshika jeneza mbele, na Bi. Kazija hakuwa na mwingine. Alikuwa anafunga suruali Mama Sikujua aliposimama dirishani.

"Umeinuka?"

"Wanaondoka na mama. Nakwenda kuzika."

Macho ya Mama Sikujua yalikuwa yamevimba. Alimpenda Bi. Kazija, na mikono iliyomwosha ilikuwa bado inanukia karafuu maiti. Nyuma yake foleni ya ndoo ilizunguka nyumba na kukata kona, maana waliokuja msibani walikuja na kiu zao, na masufuria ya wali wa msiba yalikuwa juu ya mafiga, makavu.

"Watu wa msiba watakunywa nini?" akauliza.

"Mimi ndiye mfiwa, Mama Sikujua."

"Najua, mwanangu." Akaisogeza ndoo chini ya mpira kwa mguu, bila kumtazama usoni. "Kaburi halihami. Utakwenda kesho ukamwone. Kaa."

Huko barabarani walikuwa wamekwisha kubeba, na sauti zao za kumtaja Mungu zilikuwa zinashuka kuelekea makaburini. Pazi alisimama, suruali mkononi, akazisikiliza mpaka zilipozidiwa na makelele ya ndoo. Kisha akakaa, na maji yakaja.